Msamaha wa Inhela

Mkataba wa kimataifa haufungi kiwanda. Kinachokifunga ni kanuni ya nchi, tena yenye tarehe. Kenya ilitunga zake mwaka 2007, na kama majirani zake inazikabili gesi zinazoharibu ozoni zaidi bandarini, kwa kibali cha mwagizaji. Marekani, ambako gesi hizo zilitengenezwa, ilibidi ifuate bidhaa moja baada ya nyingine. Iliyosumbua kuliko nyingi ilikuwa inhela ya pumu.

Mkataba wa kulinda ozoni ulizitaka nchi tajiri ziache kuzalisha CFC, mojawapo ya gesi hizo, ifikapo Januari 1996. Lakini CFC ndiyo iliyosukuma dawa kifuani tangu inhela ya kwanza ya aina hiyo, mwaka 1956, kazi ya maabara ya Riker ambayo baadaye ilinunuliwa na 3M ya Minnesota. Kikao cha mkataba huo huko Copenhagen mwaka 1992 kiliweka mlango mdogo: matumizi ya lazima yasamehewe, ila nchi iombe na itaje kiasi. Marekani ikaiachia FDA, mamlaka yake ya dawa, kuamua dawa ipi itoke kwenye msamaha, pale mbadala wake utakapotosha sokoni.

Mbadala wa kwanza, Proventil HFA, ulitoka 3M na kuidhinishwa Agosti 1996. Kubadili gesi kulionekana jambo dogo. Wapi! Gesi mpya, 134a, haikuyeyusha vizuri asidi ya oleiki inayozuia chembe za dawa kugandana, ikabidi itiwe ethanoli. Vali na mipira yake navyo vikasanifiwa upya. Pulizo likawa laini, bila ule ubaridi kooni, na wapo wagonjwa waliodhani kopo limeisha.

FDA iliamua mwaka 2005 kwamba albuterol ya CFC, dawa ileile iliyomo kwenye Proventil, isiuzwe baada ya 31 Desemba 2008. Ozoni ilinufaika, mfuko ukaumia: inhela za zamani zilikuwa na nakala za bei nafuu, mpya zilikuwa na hataza. Utafiti wa JAMA Internal Medicine wa 2015 uliona wastani wa malipo ya mgonjwa mwenye bima ukipanda kutoka dola 13.60 mwaka 2004 hadi 25 mara baada ya katazo. Kwangu hiyo ndiyo kasoro ya msamaha: ulingoja mbadala, haukungoja ushindani.

Kisha kikao cha Kigali cha mkataba uleule, mwaka 2016, kikaigeukia 134a yenyewe, kwa kuwa hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 ya kaboni dayoksaidi. Sheria ya Marekani ya Desemba 2020, ya kupunguza gesi za aina hiyo, ikazipa inhela mgao wake maalumu. Mwaka huohuo 3M iliuza kitengo chake cha inhela. Kikaitwa Kindeva, na makao yake yakawa Woodbury, mashariki ya Saint Paul. Gesi mojawapo inayotazamiwa sasa ni 152a. Hiyo inashika moto, kwa hiyo safari hii hata chumba cha kujazia makopo kitabidi kijengwe upya, na gharama yake itaingia kwenye bei.