Pongezi kwa Wapangaji wa Ratiba

Tangu mwaka 1971, chaneli za wananchi zilipoanza Manhattan, jijini New York, wakazi wa kawaida wa miji mingi ya Marekani wamepata nafasi ya kurusha vipindi vyao wenyewe kwenye televisheni ya kebo. Nyuma ya nafasi hiyo yupo mpangaji wa ratiba.

Yeye hupokea kanda na faili, husikiliza kama sauti inakwaruza, hupima urefu: kipindi kikizidi muda wake, kinakula muda wa kinachofuata. Aliyetangulia kuomba ndiye hupangiwa kwanza, awe mchungaji, mpishi au mpinzani wa meya. Mambo ya watu wazima huyasogeza usiku wa manane. Mtayarishaji asipoleta kipindi cha wiki, hutafuta cha marudio kuziba pengo. Kisha hupokea simu za waliochukizwa na maoni yasiyo yake, ambayo hawezi kuyaondoa kwa sababu tu hayampendezi.

Kazi hii haina makofi. Lakini haki ya kusikika haitoshi kuandikwa kwenye sheria. Lazima mtu aipangie saa. Wanaoipangia wanatudai shukrani.