Pipa Linavyoipika Viña Ardanza

Lebo ya divai ya Viña Ardanza imeandikwa Reserva. Kwa sheria za eneo la divai la Rioja, divai nyekundu ya daraja hilo hukaa miaka 3 kabla ya kuuzwa, mmoja tu ukiwa wa pipani. Lakini La Rioja Alta, kampuni inayoitengeneza, iliyoanzishwa mwaka 1890 mjini Haro, kaskazini mwa Uhispania, huiacha divai ya zabibu zake za Tempranillo ndani ya pipa miaka 3 mizima. Hata Gran Reserva, daraja la juu kwa umri, hailazimishwi kupita miaka 2 ya pipa. Mbona basi divai hii haina ladha ya ubao mtupu?

Jibu lianzie kwenye pipa lenyewe. Lina ujazo wa lita 225 na limeundwa kwa mwaloni wa Marekani. Kampuni huagiza mbao, huzianika nje miaka 2 zipigwe jua na mvua mpaka ukali upungue, ndipo mafundi wake waziunde. Mwaloni wa Ufaransa sharti upasuliwe kwa kufuata nyuzi zake, la sivyo pipa litavuja. Wa Marekani unakubali msumeno, kwa hiyo hupotea kidogo na bei huwa nafuu. Tena una laktoni nyingi, kemikali zenye harufu ya nazi. Mtu wa Pwani akiinusa divai hii na kujiuliza nani kakuna nazi humo, pua yake haijamdanganya.

Siri ni kwamba mengi ya mapipa hayo si mapya. Pipa jipya hutoa vanila na nazi kwa pupa. Lililokwishatumika limebakiza kidogo tu, na kazi yake kubwa ni kupitisha hewa taratibu. Kwa hewa hiyo tanini huungana, ukakasi hulainika, na rangi hutoka zambarau kuelekea wekundu wa tofali.

Kila baada ya miezi 6 hivi, divai huhamishiwa pipa jingine, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa kampuni. Hawatumii pampu, divai huteremka yenyewe. Fundi hukinga kidogo kwenye glasi, huiinua mbele ya mshumaa na kuitazama. Mwanga ukipenya bila doa, anaendelea. Wingu la kwanza la mashapo likijitokeza, anafunga hapohapo. Tempranillo hupitia kazi hiyo mara 6.

Garnacha, zabibu nyingine iliyomo, kama sehemu moja kwa tano, hutoka Tudelilla, upande wa mashariki wa Rioja wenye joto zaidi. Huongeza kilevi na ulaini, huku Tempranillo ikishikilia uchachu. Pasipo uchachu huo, miaka 3 ya pipa ingetoa divai iliyochoka.

Wapo wanaouona mtindo huu umepitwa na wakati, nao wamegeukia mwaloni wa Ufaransa na muda mfupi zaidi ili tunda lijitokeze. Divai zao si mbaya, ila nyingi zingeweza kutoka nchi yoyote. Hii ukiinywa unapata cheri zilizokaushwa, karafuu, tumbaku na ngozi, na unajua uko Rioja.

Wenyeji huinywa kwa mbavu za mwanakondoo zilizochomwa juu ya makaa ya matawi ya mizabibu. Protini na mafuta ya nyama hupunguza makali ya tanini, na moshi unaafikiana na mwaloni. Mbuzi choma anaingia hapo bila shida, mradi pilipili ikae pembeni, maana huuchochea moto wa kilevi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, iweke chupa kwenye friji kwanza. Nyuzi 17 zinaifaa.

Harufu ya nazi isikushawishi kuimiminia samaki wa kupaka. Chuma kidogo kilichomo kwenye divai nyekundu kikikutana na mafuta ya samaki huleta shombo mdomoni, na shombo hilo halijali chupa ilinunuliwa kwa bei gani.