Kupoza si kupooza

Fundi mmoja kijana wa Changamwe aliniletea karatasi ya maelezo ya mtambo wa kupoza kompyuta kwa maji. Imeandikwa kwa Kiswahili, na hilo nalisifu. Lakini ilimwambia: kabla ya kuongeza kazi, "pooza kichakataji". Jamani! Kinachopooza ni mkono wa mgonjwa. Kilicho moto hupozwa. Kwa irabu moja iliyozidi, kijana alidhani ni amri ya kuzima, akazima pampu. Kompyuta ikazimika yenyewe kwa joto, na kazi ya mteja ikapotea.

Kosa la pili limejificha zaidi. Chombo chenyewe kimeitwa "kibadilisha joto cha njia ndogo". Joto halibadilishwi pale, wala hakuna kubadilishana. Linahama tu, kutoka penye moto kwenda penye baridi. Kihamisha joto ningekielewa. Na hizo njia ndogo ni zipi? Vichochoro vya Likoni navyo ni njia ndogo! Tuckerman na Pease, kule Stanford mwaka 1981, walichonga kwenye silikoni mifuo yenye upana wa mikromita 50 hivi, myembamba kuliko unywele, wakapitisha maji. Waliweza kuondoa wati 790 kwa kila sentimita mraba, na silikoni ikapanda nyuzi 71 tu juu ya joto la maji yaliyoingia. Siri ni wembamba: maji yakibanwa hivyo, joto halina safari ndefu kutoka ukutani. Neno lisilobeba wembamba huo limekosa jambo lenyewe.

Mwenzangu mmoja wa bara kapendekeza "vifereji". Kwao sawa, lakini kwetu Kisauni mfereji ndio bomba la kukingia maji. Msomaji atatafuta pa kufungulia. Mimi nashika "michirizi", kwa kuwa ni myembamba na maji yake yanatembea.

Fundi naye alitaka iitwe rejeta, kama ya gari. Nilikaribia kukubali. Ila rejeta hutoa joto hewani, na hiki kinalichukua kwenye kichakataji. Mtambo ule ule una vyote viwili, tukiviita jina moja tutarudi kule kule. Basi, kihamisha joto cha michirizi. Wanaokunja uso kwa maneno ya gereji wakumbuke kuwa kikao cha mwaka 1928, kilichofanyika hapa hapa Mombasa, kilichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu. Kuwauliza mafundi hakikukataza.

Karatasi nimemrudishia, "o" moja nimeikata kwa wino mwekundu.