Neno Lisilosikika: Uhakiki wa Unukuzi wa Imla ya Daktari wa Moyo

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia sana matini yaliyoandikwa, na baadaye masimulizi. Imla haikupata nafasi, ingawa ni matini yenye matatizo yake mahsusi. Daktari akisha kumwona mgonjwa husema maelezo yake mbele ya kinasa sauti. Mtu mwingine, aghalabu aliye mbali, husikiliza na kuandika. Vijana wengi wa Kenya hufanya kazi ya unukuzi kupitia intaneti, na mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016, umeihesabu miongoni mwa kazi za kufundishwa. Basi yamkini kijana wa mtaa wa Rhonda, magharibi ya jiji la Nakuru, kuketi na kusikiliza moyo wa mtu asiyepata kumwona. Makala haya yanakusudia kuihoji kanuni moja tu, nayo ni kwamba neno lisilosikika vizuri na lijazwe kwa muktadha.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Mhariri wa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hukuta herufi moja ikisimama mahali pa b, p na mb, na irabu i isitengwe na e, wala u isitengwe na o. Humlazimu kukisia. Lakini mhariri wa utenzi ana walinzi wawili: mizani minane ya kila kipande, na kina. Akikisia vibaya, aghalabu ubeti wenyewe humkatalia. Imla ya daktari haina kina wala mizani. Kosa likiingia hukaa kwa utulivu kabisa, na sentensi husomeka vizuri.

Mfano mzuri ni Lasix na Losec. Ya kwanza ni dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, apewayo mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo hata maji yakajaa miguuni na mapafuni. Ya pili hupunguza asidi ya tumbo. Konsonanti za majina hayo ni karibu zile zile, na irabu ndizo zinazotofautiana, nazo ndizo za kwanza kupotea msemaji akiharakisha. Mnukuzi atasema: nitatazama kipimo kinachofuata. Lakini zote mbili hutolewa kwa vipimo vya miligramu 20 na 40, na kipimo kinachofuata hakimwambii lolote. Machafuko hayo yalizidi nchini Marekani hata mwaka 1990 Losec ikapewa huko jina jipya, Prilosec. Tukio hili lastahili kukumbukwa na kila anayeamini kwamba muktadha hautamtupa: waliochanganya majina hayo walikuwa watu wa kazi hiyo, katika lugha yao wenyewe.

Je, maneno ya mgonjwa yatamsaidia? Hapa Kiswahili chenyewe kinatatiza. Kwa msemaji wa pwani, chembe cha moyo si sehemu ya moyo, bali ni pale chini ya kidari, juu ya tumbo. Msemaji wa bara asiye na istilahi hiyo husema tu kwamba moyo unamchoma, kisha huweka mkono panapouma. Mkono haunaswi na kinasa sauti. Ikiwa daktari amelirudia neno "moyo" kama alivyolisikia, mnukuzi wa Rhonda anayejua Kiswahili ataandika Lasix kwa moyo mkunjufu, kumbe mgonjwa ana kiungulia. Jambo hili si la mzaha Nakuru: uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2007 na 2008, kwa watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulionyesha kuwa takriban nusu yao walikuwa na presha ya juu.

Neno "mshipa" nalo lina dhambi zake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalitumia kwa njia ya damu iendayo na irudiyo, kwa neva, na hata kwa ngiri. Leo tunazo ateri, vena na neva, ila daktari anapomfafanulia mgonjwa hurudi kwenye mshipa, na ni haki yake.

Hata hivyo sikio la Mswahili lisidharauliwe. Presha ya juu na presha ya chini, kwa majina yake ya kitaalamu, hutofautiana kwa silabi moja hafifu: haipa na haipo. Mwingereza huimeza silabi hiyo. Mkenya, aliyezoea irabu tano zitamkwazo kwa ukamilifu, huitoa wazi. (Na ni bahati njema kwamba "haipo" kwetu ina maana ya upungufu.) Imla ya daktari wa Nakuru yaweza basi kuwa na hatari ndogo mahali hapo kuliko ya mwenzake wa London, mradi anayeinukuu awe na sikio la huku.

Itasemwa kwamba nakala yenye mapengo ni nakala mbovu. Hatukubali. Mhariri wa utenzi hukisia kwa sababu mtunzi amekwisha kufa. Daktari yu hai, na aweza kuulizwa kabla mgonjwa hajafika kwenye dirisha la dawa. Pengo lililoandikwa pamoja na dakika na sekunde ya sauti ni swali lenye anwani. Linalolizuia ni ujira: mnukuzi aghalabu hulipwa kwa dakika za sauti, si kwa saa za kazi, na muda anaoutumia kuuliza haulipwi na mtu.