Boliti 80 za Mtambo Namba 2

Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Mara za kwanza huoni kitu. Ukiendelea, vidole vinahisi joto. Halafu waya unakatika, na anayetazama kwa mbali atasema umekatwa na mkunjo wa mwisho, kumbe ulianza kufa zamani. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Ndiyo iliyoua watu 75 katika kituo cha umeme cha Sayano-Shushenskaya, kwenye Mto Yenisei, Siberia, nchini Urusi.

Kituo hicho kilikuwa na mitambo 10, kila mmoja wa megawati 640. Kwa kulinganisha, mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni ya megawati 235 kila mmoja. Maji ya Yenisei hushuka zaidi ya mita 200 na kuzungusha turbini, ambayo juu yake kuna mfuniko mzito wa chuma. Katika mtambo namba 2, mfuniko huo ulishikwa na boliti 80, kila moja nene milimita 80. Saa 2 na dakika 13 asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009, boliti hizo zilishindwa. Maji yakaung'oa mfuniko pamoja na mashine iliyokuwa juu yake, yenye uzito wa mamia ya tani, yakafurika ukumbi wote wa mitambo.

Tume ya uchunguzi ilizipata boliti 49. Kati ya hizo, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu. Sura ya mvunjiko wa boliti ya namna hiyo inasomeka kama kitabu: ufa huanzia kwenye mfereji wa hesi, pasipoonekana, na kila mtetemo unausogeza mbele kidogo, ukiacha sehemu laini yenye mistari mithili ya pete za shina la mti. Sehemu iliyochanika kwa nguvu siku ya mwisho huwa na chembe mbaya, zinazokwaruza kidole. Katika boliti 8, sehemu ya uchovu ilizidi asilimia 90 ya eneo lote la mkato wake. Yaani zilikuwa zimebaki jina tu.

Mtetemo ulitoka wapi? Turbini za aina hii zina viwango vya mzigo ambavyo hazivipendi. Maji yanayotoka chini yake hujisokota kama kamba na kuutikisa mtambo mzima. Usiku wa kuamkia ajali, moto katika kituo cha umeme cha Bratsk ulikata mawasiliano yake, na kazi ya kupandisha na kushusha umeme wa gridi ikaangukia Sayano-Shushenskaya. Mtambo namba 2 ukawa wa mstari wa mbele, ukipita mara kadhaa katika viwango hivyo hivyo vibaya.

Ripoti ya tume inasema kwamba katika dakika 13 za mwisho, mtetemo kwenye beringi ya turbini ulipanda kutoka mikroni 600 hadi 840. Kikomo kilikuwa 160. Wapo wataalamu waliohoji baadaye kama kihisi kile kilikuwa kizima. Hoja yao ina uzito, lakini haimwokoi mtu. Kihisi kinachotiliwa shaka hupimwa upya kwa kifaa kingine, siku hiyo hiyo, wakati mtambo umepunguziwa mzigo au umezimwa. Na boliti hazina ubishi: kipimo cha mawimbi ya sauti kingeonyesha nyufa zile bila kufungua hata nati moja.

Linalouma zaidi ni kwamba mtambo ulikuwa umetoka kwenye matengenezo Machi ya mwaka huo huo. Kwa kalenda, ulikuwa na afya. Hapo ndipo tofauti ya kutunza mashine kwa tarehe na kuitunza kwa hali yake inapoonekana. Tarehe inakuambia lini fundi alipita. Mtetemo, joto la beringi na chembe za chuma ndani ya oili vinakuambia kinachoendelea sasa. Namba moja peke yake haitoshi pia. Ongezeko la asilimia 40 ndani ya dakika 13 ni habari nzito kuliko kikomo chenyewe.

Lakini kipimo kinahitaji mwenyewe. Kila kikomo kiandikwe pamoja na kitendo chake: kwenye namba hii piga simu, kwenye namba hii zima. Na mtu wa zamu awe na ruhusa ya kuzima bila kuuliza mtu, hata kama gridi inalilia umeme.

Asubuhi ile, saa 2 na dakika 12, kuuzima mtambo namba 2 kulikuwa kazi ya mtu mmoja kwenye chumba cha udhibiti. Dakika moja baadaye umeme wa kituo ulikatika, na wafanyakazi wakalazimika kupanda hadi juu ya bwawa kuyafunga malango ya maji kwa mikono yao. Iliwachukua zaidi ya saa nzima.