Fundi wa Chaji Anajulikana Kabla Hajashika Spana

Corolla yako ya miaka ya 1990 ikianza kugoma asubuhi, mtu wa kukuuzia altaneta hakosekani. Uwe Gerezani, Dar es Salaam, Grogan ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, utaletewa moja iliyotoka Japani kabla hujamaliza kueleza tatizo. Adimu ni fundi wa kukwambia kwamba huihitaji. Kwa gari la umri huo, altaneta huweza kuwa nzima kabisa, ubovu ukawa kwenye mkanda, kebo au erthi. Ndiyo maana umahiri wa fundi umeme hupimwa kwa anachofanya kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Gari hugoma baada ya kulala, au hata baada ya safari ndefu? Kuna redio au taa za ziada zilizofungwa karibuni? Kisha huzungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaitazama taa ya betri kwenye dashibodi. Isipowaka, haipuuzi. Katika altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, gari linaweza lisichaji ingawa altaneta haina kasoro. Na taa ikibaki na mwanga hafifu injini inaponguruma, fundi mjuzi huanza kushuku daiodi.

Baada ya hapo hutumia macho na vidole. Hugeuza mkanda atazame upande wa ndani: ukiwa unang'aa, unateleza, na ndio unaolia asubuhi ukiwasha taa kubwa. Husugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya, akaosha ule unga mweupe kwa maji ya moto yenye magadi, ambayo huua tindikali, akiangalia yasiingie ndani ya betri.

Ndipo hutoa mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu, na inafaa ichajiwe kwanza kabla ya kumhukumu yeyote. Injini ikiwaka, chaji nzuri huwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi: betri itachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Fundi wa kawaida huishia hapo. Fundi hodari huwasha taa zote na feni, akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya altaneta inapofungwa kebo nene. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, kebo au kiungo chake kinakula umeme njiani. Hurudia kipimo hicho kati ya nguzo hasi na bodi ya altaneta, hapo 0.2 ni nyingi tayari. Vipimo hivi viwili humfichua mwizi ambaye altaneta mpya haitamkamata: waya wa erthi uliooza chini ya tepu, kati ya injini na bodi.

Ikiwa chaji ni nzuri lakini betri hulala nzima na kuamka imekufa, hupima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Ukizidi sana ampea 0.05, huchomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke, na hapo amejua mkondo wenye kosa.

Altaneta ikithibitika mbovu, angalia inavyofunguliwa. Kaboni, daiodi, beringi na regyuleta hubadilishwa kimoja kimoja. Fundi makini hukagua pia pete za shaba ambazo kaboni hugusa, kwa sababu pete zenye mifereji hula kaboni mpya upesi. Waya huungwa kwa risasi na kuvikwa mpira, hausokotwi na kuzungushiwa tepu. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile, kamwe si kwa kipande cha waya.

Dalili moja yatosha kukufanya uchukue ufunguo wako uondoke: fundi anayechomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili "aone kama altaneta inafanya kazi." Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ikitolewa ghafla, volti huruka juu na zinaweza kuua regyuleta, daiodi, hata kompyuta ya gari.

Kazi ikiisha, dai mambo mawili: spea iliyotolewa, na kipimo kingine cha mita mbele ya macho yako, taa zikiwa zimewashwa. Na fundi akikupimia saa nzima kisha akabadilisha kebo ya erthi tu, mlipe kwa moyo mweupe. Ujuzi ndio uliokuokolea bei ya altaneta.