Maarifa ya Saiti Yasipotee Njiani

Fundi wa viyoyozi anafika kwa mteja, anabonyeza rimoti ya Daikin, anasoma msimbo wa hitilafu U4. Kitabu cha mtengenezaji kinamwambia kwamba kifaa cha ndani na kile cha nje havisikilizani, kisha kinamtajia pa kuangalia: waya uliokatika, skrubu iliyolegea, umeme usiofika nje, bodi iliyoungua. Ni kitabu kizuri. Ila aliyekiandika hakuijua nyumba hii inayopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, ambayo chumvi imekwisha kula ncha za nyaya zake. Wala hakumjua mjusi kafiri aliyejipenyeza kwenye bodi ya nje na kufia hapo. Hayo anayajua fundi aliyekuja mtaa huu mwaka jana. Kumfikishia wa leo kile alichokijua wa jana ni kazi, na wapo watu wanaoifanya kwa ustadi unaostahili kutazamwa kwa makini.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Julian Orr wa maabara ya Xerox PARC, California, alifuatana na mafundi wa mashine za kutoa nakala. Kampuni ilikuwa imewapa miongozo minene, lakini Orr aliona kwamba mashine iliposhindikana, mafundi waliegemea hadithi walizosimuliana wakati wa kula: mashine fulani ilifanya hivi, nikajaribu vile, ikapona. Mwaka 1996 aliyaeleza hayo katika kitabu chake *Talking about Machines*. Xerox ikaja kujenga mfumo ulioitwa Eureka, ulioanzia kwa mafundi wa Ufaransa. Fundi aliandika kidokezo, wenzake wakakikagua, na kikipita kikasambazwa kikiwa na jina lake. Jina hilo lilikuwa na uzito. Liliwapa wengine sababu ya kuamini, na likampa mwandishi heshima mbele ya watu wanaoijua kazi.

Leo kampuni ndogo tu ya mafundi huwa na nyenzo ambazo Xerox ya wakati ule haikuwa nazo. Ratiba, anwani na kadi za kazi hukaa kwenye programu ya kusimamia mafundi wa saiti, mfano Jobber au ServiceTitan. Miongozo na maelezo ya timu hukaa kwenye programu ya nyaraka, mfano Notion au Confluence. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari zipo mbili, na hazijuani: fundi anafunga kazi kwa kuandika "nimesafisha ncha, nimepaka grisi ya kuzuia kutu", maneno hayo yanazikwa kwenye kadi ya mteja mmoja, na mwongozo wa timu unabaki ulivyokuwa. Anayezikutanisha hutumia programu ya otomesheni, pengine Zapier iliyoanzia Missouri mwaka 2011, au n8n ya Berlin iliyotoka mwaka 2019. Anapanga visanduku kwenye skrini na kuvuta mistari kati yake, na huo ndio unaoitwa mtiririko. Kwa macho ni kazi ya mchana mmoja. Ustadi wake umo katika maamuzi yasiyoonekana kwenye mistari hiyo.

Uamuzi wa kwanza ni wa umiliki. Muunganishaji hodari hukaa na mafundi, akauliza kila jambo linaishi wapi. Anwani ya mteja ni mali ya programu ya saiti, isibadilishwe kwingine. Maelezo ya jinsi ya kutibu U4 ni mali ya nyaraka. Kila ukweli upewe makao mamoja, na upande wa pili upate nakala au kiungo tu. Akilikosea hili, pande zote mbili zitakuwa na haki ya kuandika jambo lilelile, na hapo huzaliwa duara: huku kukibadilika, kule kunabadilishwa, badiliko la kule linarudi huku kama habari mpya, na mzunguko hauishi. Anayeijua kazi hutia alama kwenye kila badiliko lililoandikwa na mtiririko wenyewe, ili likirudi litambuliwe na lisimamishwe.

Uamuzi wa pili unahusu namna ya kupata habari. Njia ya kawaida ni kuuliza kila baada ya dakika kadhaa: kuna kazi iliyofungwa? Njia nzuri zaidi ni webuhuku (webhook), wazo ambalo Jeff Lindsay alilipa jina mwaka 2007: programu ya saiti yenyewe inatuma ujumbe mara tu kazi inapofungwa. Tatizo ni kwamba ujumbe huo unaweza kufika mara mbili. Mtumaji asipopata jibu mapema hudhani haukufika, akautuma tena. Kwa hiyo kabla ya kuunda ukurasa mpya, mtiririko uliotengenezwa vizuri hutafuta namba ya kazi ile kwenye nyaraka. Ikiwepo, unasasisha uliopo. Hatua hii moja ndogo huwaepusha mafundi na kurasa pacha zisizojulikana ipi ni ya kweli.

Napenda zaidi uangalifu wao kwenye saa. Mteja wa Dar es Salaam anaahidiwa fundi saa 2 asubuhi. Karani anaandika 08:00. Programu nyingi huhifadhi muda kwa saa za dunia (UTC), kwa hiyo ndani mle imekuwa 05:00. Mtiririko ukiichukua namba hiyo bila kuirudisha kwenye saa za Afrika Mashariki, ukurasa wa timu utamwita fundi saa 11 alfajiri. Muunganishaji makini huandika majaribio ya jambo hili kabla ya mengine yote, kwa sababu kosa la saa halitoi onyo lolote. Linaonekana fundi akiwa tayari amesimama mbele ya geti lililofungwa.

Vivyo hivyo kwa mwendo. Notion huruhusu wastani wa maombi matatu kwa sekunde kwa kila muunganiko. Ukizidisha, inajibu kwa namba 429 na kukutajia muda wa kusubiri. Jioni mafundi wanapofunga kazi zao kwa pamoja, mtiririko wa pupa huangusha nusu ya taarifa. Mtiririko wa mtu anayejua huziweka kwenye foleni, husubiri kama ulivyoambiwa, hujaribu tena. Ukishindwa kabisa, humwandikia mtu maalumu, ukitaja kazi ipi, hatua ipi, sababu ipi.

Kisha kuna yale ambayo hayapaswi kupita. Kadi ya kazi ina simu ya mteja, namba ya siri ya geti, saa ambazo nyumba haina mtu. Mwongozo unaosomwa na timu nzima hauhitaji hata kimoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zimeliwekea jambo hili uzito, lakini muunganishaji mwadilifu huzichuja taarifa hizo hata pasipo kukumbushwa. Kinachovuka ni aina ya mashine, hitilafu, mazingira, tiba na jina la fundi. Nacho huvuka kama rasimu, ikasubiri fundi mkuu aisome, aisahihishe na kuipitisha. Mafundi wa Eureka walilijua hili: kidokezo kisichokaguliwa na anayeijua mashine kinaweza kuchoma bodi kumi.

Na mwisho wa safari ni kurudi kule kazi ilikoanzia. Kazi mpya yenye U4 ikiingia, mtiririko huutafuta ukurasa uliopitishwa na kuubandika kwenye kadi kabla fundi hajawasha pikipiki. Aliye bora huongeza mistari mitatu ya muhtasari ndani ya kadi yenyewe, kwa sababu kwenye chumba cha chini cha ghorofa mtandao hukatika, na kiungo kisichofunguka hakimsaidii mtu.

Kwa hiyo kampuni inayotaka kuunganisha programu zake imwachie muunganishaji muda wa kupanda na mafundi kwenye dari na mapaa kabla hajavuta mstari wa kwanza. Akimaliza, wasimhesabie mitiririko aliyojenga. Wamchukue fundi wa wiki ya kwanza, wampe kazi ngumu, waone kama anafika akiwa na maarifa ya waliomtangulia na majina ya watu wa kuwapigia simu. Wamwangalie pia mzee wa kazi: je, anaandika alichogundua mara moja tu, kwa maneno yake, na kinafika? Pande zote mbili zikijibu ndiyo, wamlipe vizuri, kwa kuwa amewafanyia kazi ambayo programu peke yake, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuifanya.